Injini ya kuoshea pikipiki

Mashine yetu ya kuoshea pikipiki hapa Kamembe tuliiunda wenyewe: vyuma chakavu, pampu ya mtumba, mkanda wa mashine ya kusagia. Sasa mota yake ya umeme imeungua. Vijana wanne wanakula kwa hiyo mashine, wawili walivuka kutoka Bukavu Februari 2025.

Wote wanataka injini yenye nguvu zaidi. Nikawaambia tusome kwanza kibati cha pampu: mizunguko 1450 kwa dakika. Injini ndogo ya petroli inafika 3600. Ukiziunga moja kwa moja, pampu inakufa. Puli ya pampu lazima iwe pana karibu mara mbili na nusu kuliko ya injini. Na shafti ipimwe kabla ya kulipa, siyo kwa jicho. Ikipungua milimita moja tu, puli inacheza.

Mota nyingine ya umeme ingekuwa rahisi kuendesha, kweli. Haina moshi, haina kelele (majirani wangeshukuru). Ila vijana wanaosha miguu mitupu, maji yamejaa chini, waya unapita humo humo. Umeme ulishampiga mmoja wao, akaanguka. Kwangu mabishano yaliishia hapo. Tumechukua petroli, hata kama inakula pesa kila siku. Jumatatu fundi anatuchongea puli.