Wikiendi Lake Geneva: Nani Aongoze Meza?

Ukisikia Geneva, mawazo yanakimbilia Uswisi, chokoleti na saa za bei mbaya. Subiri kwanza. Lake Geneva ninayokupeleka leo ni mji mdogo wa Wisconsin, Marekani, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Chicago. Baada ya moto mkubwa wa Chicago mwaka 1871, matajiri wa jiji hilo walijenga majumba ya kifahari kando ya ziwa. Raha yake ni kwamba njia ya miguu inapita mbele ya majumba hayo, katikati ya bustani za watu, na ni ya wote. Unapita, unachungulia, unatamani, hulipi hata senti.

Sisi lakini hatukufuata majumba. Mume wangu anapenda michezo ya mezani kupita kiasi, na mmoja wa michezo hiyo una mizizi hapa. Huu ndio mji wa Gary Gygax, aliyetunga Dungeons & Dragons pamoja na Dave Arneson. Mwaka 1968 aliwakusanya wapenzi wa michezo katika ukumbi wa Horticultural Hall, na mwaka 1974 mchezo wao ukatoka, nakala 1,000 tu za kwanza. Gygax alifariki mjini hapa mwaka 2008.

Kama huujui, mchezo wenyewe uko hivi: mnakaa mezani na dadu, kila mtu na mhusika wake, mmoja wenu anakuwa kiongozi. Anawasimulia mahali mlipo na hatari iliyo mbele, kisha anauliza: "Mnafanya nini?" Hapo anatakiwa anyamaze, asikilize.

Tukitembea kando ya ziwa tukaanza utani: katika wale wahusika wa tamthilia za anga kwenye TV, nani angefaa kuongoza meza? Picard wa Star Trek angempa kila mtu nafasi ya kusema, ili mradi chai yake isichelewe. Spock angetaka kanuni zifuatwe hadi nukta ya mwisho. Yule Daktari wa Doctor Who ana hadithi tamu, ila leo yupo na sura hii, kesho anakuja na nyingine! Q je? Huyo mkimbie. Anabadilisha kanuni apendavyo, mkihangaika yeye anacheka. Si unawajua watu wa hivyo?

Mume wangu akamchagua Kapteni Janeway wa Voyager. "Ana msimamo," akasema.

"Janeway huyu huyu aliyelipua mtambo ambao ungewarudisha watu wake nyumbani?" nikamuuliza. "Aliokoa wengine, sawa. Lakini wake wakabaki na safari ya miaka zaidi ya 70, na hakuna aliyewauliza."

Kimya. Utani ulikwishia pale. Wiki chache kabla, alikuwa amewaambia ndugu zake Dar es Salaam kwamba tunarudi Desemba. Mimi nilizisikia habari hizo kwa wifi, kwenye simu.

Chaguo langu lilikuwa Uhura. Jina lake limetokana na neno letu, uhuru. Kazi yake chomboni ni mawasiliano: anasikiliza kwanza, ndipo anasema. Tena mwaka 2000, Nichelle Nichols aliyemwigiza, na Gygax mwenyewe, walitia sauti zao katika kipindi kimoja cha katuni ya Futurama, wakaishia meza moja wakicheza Dungeons & Dragons.

Tulipofika Riviera, lile jengo la mwaka 1932 pale gatini, mwenzangu akakaa kwenye benchi, akazima simu.

"Haya, mke wangu. Dar au Chicago. Wewe unafanya nini?"

Halafu akanyamaza. Jamani, nilizungumza hadi jua likazama! Tumekubaliana kubaki mwaka mmoja zaidi, kisha tukae tena. Kuwapigia ndugu zake ilikuwa kazi yake, na alipiga jioni ile ile.