Kizimbani Gansbaai

Mgeni atokaye Mombasa, aliyezoea kukutana na papa sahanini, mkavu, katika mchuzi wa nazi, hushangaa kuona watu wakilipa ili papa awatazame wao. Hayo hutendeka Gansbaai, Afrika Kusini. Katika bandari ndogo ya Kleinbaai mtalii huvishwa vazi zito la mpira, kwani maji ya huko huuma mifupa. Mashua hutia nanga upande wa kisiwa cha Dyer, kizimba cha chuma hufungwa ubavuni, na mchanganyiko wa samaki waliosagwa humwagwa baharini. Mtungi wa hewa hakuna: apigiwapo ukelele, mtalii huvuta pumzi na kuzama.

Kwa miaka mingi aliyetafutwa ni papa mweupe, ambaye nchi hiyo ilimlinda kisheria mwaka 1991. Mwaka 2017 mizoga ya papa hao ilitupwa ufuoni, maini yamenyofolewa. Walioshukiwa ni nyangumi wauaji wawili (ingawa kwa ukoo hao ni pomboo), madume wenye mapezi yaliyolala, mmoja kushoto, mwenziwe kulia. Papa waliosalia wakahama.

Kumbe jitu la kutisha nalo lina linalemkimbiza! Sasa wanaozunguka kizimba mara nyingi ni papa wa rangi ya shaba, wadogo zaidi. Mtalii, midomo ikitetemeka kwa baridi, hukodoa macho majini akimngoja yule mweupe.