Siri ya Chooni

Katika kambi zetu hapa Uganda watu huzungumza bila haya habari za malaria na presha. Habari za haja kubwa hubaki siri, hata baina ya mume na mke.

Kaka yangu, aliyekuwa sajini, aliitunza siri hiyo mwaka mzima. Aliona damu chooni, akasema ni bawasiri. Kila mwezi alikwenda zahanati kwa ajili ya presha yake, akapimwa, akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemwuliza habari za choo, naye hakusema. Siku alipofunua kinywa, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imekwisha kufika katika ini. Tulimzika mwaka 2019.

Siwalaumu waganga peke yao, kwani foleni ni ndefu. Lakini safari zile kumi na mbili zinaniuma, kwa sababu maradhi haya hayaji ghafla. Mara nyingi huanza kama kinyama kidogo ndani ya utumbo, ambacho huweza kukaa miaka 10 au zaidi kabla ya kugeuka saratani. Kikionekana mapema hukatwa. Hakiumi, ila huweza kuvuja damu kidogo mno isiyoonekana kwa macho, na kipimo cha choo huweza kuigundua. Damu ikipatikana si lazima iwe saratani. Mgonjwa hupelekwa hospitali kubwa akaangaliwe utumbo kwa kamera.

Wako wasemao kwamba hii ni saratani ya Wazungu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, aliandika mwaka 1971 kwamba ilikuwa nadra kwa Waafrika, akasifu vyakula vyetu visivyokobolewa. Leo wagonjwa wake hawakosekani katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyo pale pale Mulago.

Huko Marekani, mwaka 2021 wataalamu walishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua hatakiwi kungoja umri huo, nami sikungoja. Ukienda zahanati kwa jambo lolote, mwambie mganga umri wako na maradhi ya ukoo wenu, kisha uulize kipimo cha damu iliyofichika katika choo. Kama hawana, waulize kinapatikana wapi.

Mume wangu, inspekta wa polisi, alikizungushia kichupa chake gazeti mara tatu kabla ya kutoka nyumbani. Damu haikuonekana. Mwakani atapima tena.