Kondoo na Kilima: Safari ya Kisii na Nyamira

Msafiri atokaye mji wa Kisii kwenda upande wa Nyamira hauwezi kumpita machoni ukingo wa Manga, uliosimama kama ukuta. Niliupanda mwezi wa Aprili, siku ya mapumziko ya kazi, baada ya mvua kubwa ya usiku. Kutoka juu niliiona nchi ya Wagusii imegawanywa vipande vidogo vidogo: hapa chai, pale mahindi, kule migomba, mpaka chini bondeni. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 950 katika kila kilomita moja ya mraba. Je, katika nchi iliyojaa hivyo, mfugaji wa kondoo wa nyama atawalisha wapi?

Jibu nililipata njiani. Niliwaona kandokando ya barabara, karibu na vijito, na juu ya kingo za matuta. Kondoo si mnyama mbaya. Hula kidogo kuliko ng'ombe, huzaa upesi, na mwenye karo ya kulipa humwuza akabaki na shamba lake. Lakini hukata nyasi karibu kabisa na ardhi, na kwato zake hufanya vijia vya kuteremka mlimani. Mvua ya huku hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Maji yakikuta kijia kitupu hukigeuza mfereji, na mfereji huwa korongo.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Miaka michache iliyopita niliwafunga kondoo wanne juu ya ukingo wa tuta aliloliinua baba, kwa kuwa majani yake yalikuwa mazuri. Walinenepa, nami nikajisifu. Masika yalipokuja, ukingo uliporomoka usiku mmoja, na mahindi ya mama yakafunikwa na tope. Mzee hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, umenenepesha kondoo kwa shamba."

Mvua zikizidi, mto Gucha huwa mwekundu. Wekundu huo ni udongo wetu, nao huchukuliwa mpaka Ziwa Victoria. Wataalamu hutuambia pia kwamba mnyama acheuaye hutoa gesi ya methani, iongezayo joto la dunia. Hayo ni kweli. Lakini kwa mkulima wa ekari moja, hasara ya kwanza ni ile iliyo chini ya miguu yake.

Siku hizi kondoo wetu hukaa zizini. Ukingo tumeujenga upya na kuupanda majani ya nepia. Twayakata na kuwapelekea pamoja na majani ya viazi vitamu, na samadi yao hurudi migombani. Kazi imeongezeka, na kondoo wamebaki wawili. Lakini ukingo umesimama masika mawili.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujanunua kondoo wa tatu, tazama kwanza ukingo wa shamba lako. Kondoo akifa utanunua mwingine. Udongo uliokwisha kufika ziwani hauuzwi sokoni.