Kabati la njumu kutoka Beijing: Mzazi aulize limekarabatiwa na nani, si lina miaka mingapi

BEIJING. Saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi, soko la Panjiayuan limekwisha kuamka. Lipo Wilaya ya Chaoyang, kusini mashariki mwa jiji, na mwisho wa wiki wauzaji hufika kabla jua halijachomoza. Wanunuzi wazoefu huja na tochi. Wachina wana jina la zamani la masoko ya namna hii, "soko la mizimu", kwa sababu biashara ilifanyika gizani na mwenye mali hakupenda kuulizwa ameitoa wapi.

Tochi haiji kwa ajili ya kumulika njia tu. Mnunuzi huilaza ubavuni mwa kabati ili mwanga upite juu ya mbao kama jua la jioni, na hapo kila kipande kilichoinuka, kilichopasuka au kilichobandikwa upya hujionyesha. Ndege aliyetengenezwa kwa ganda la chaza hubadilika kutoka kijani kwenda waridi kadiri mwanga unavyosogea. Mtoto wa miaka miwili akimwona ndege huyo, atataka kumbandua kwa kucha.

Kazi hiyo watu wa pwani huiita njumu: kuchonga kitanda kwenye ubao, kisha kulaza humo kipande cha ganda, mfupa au jiwe. Si ngeni Lamu wala Zanzibar, ambako viti vya enzi vilipambwa kwa vipande vya pembe na mfupa. Mafundi wa China walikuwa wakitumia ganda tangu enzi ya Tang, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, na kila eneo lina mkono wake. Guangzhou hupenda mbao nzito nyekundu zilizotiwa ganda na marumaru. Ningbo inajulikana kwa mfupa. Yangzhou huchanganya ganda, mfupa na mawe ya rangi kwenye kitu kimoja, juu ya utomvu wa mti uliopakwa tabaka nyingi hadi ukang'aa.

Muuzaji ataanza na umri. Mia mbili, atasema, labda mia tatu. Na akimwona mteja ni mgeni, ataongeza kuwa kusafirisha hadi Dar es Salaam au Mombasa si tatizo.

Hapo mzazi anapaswa kutabasamu na kunyamaza, kwa kuwa tangu mwaka 2007 sheria za China zinazuia vitu vya kale vya mwaka 1911 na kabla ya hapo kutoka nje ya nchi. Kinachoruhusiwa kutoka hukaguliwa na kupigwa lakiri nyekundu. Kabati la miaka mia tatu ambalo litasafirishwa bila shida ni maneno mawili yasiyokaa pamoja, na mojawapo ni uongo. Mara nyingi ni lile la umri, na hilo si baya sana: kabati zuri la miaka ya 1930 bado ni kabati zuri, ilimradi bei iwe ya miaka ya 1930. Anayetaka cha kale zaidi huenda Hong Kong, kwenye maduka ya Hollywood Road, ambako sharti hilo la kutoa nje halipo.

Ukweli wa kabati haupo usoni, upo mgongoni. Ligeuzwe, droo zitolewe, mkono upite chini. Fundi wa zamani hakutegemea misumari; ulimi wa ubao mmoja uliingia kwenye tundu la mwingine ukakaa. Droo iliyovutwa miaka themanini huwa imelika pale inapoteleza, wala haiwi imechakaa sawasawa kila pembe kama suruali ya jinzi ya dukani. Harufu ya vanishi mbichi ndani ya droo ni jibu tosha. Unga mpya unaodondoka kwenye vitundu vidogo maana yake wadudu bado wamo.

Ganda halisi ni baridi likiguswa kwenye shavu, plastiki huwa vuguvugu upesi. Mfupa una vidoa vidogo vyeusi, alama za mishipa iliyopita humo mnyama alipokuwa hai. Vipande vyeupe visivyo na vidoa, vyenye mistari myembamba inayokatizana, huenda ni pembe ya ndovu, na hapo mazungumzo yaishe: China ilifunga biashara yake ya ndani ya pembe mwishoni mwa 2017, na hakuna mzazi anayehitaji kueleza jambo hilo mbele ya afisa forodha akiwa na watoto.

Mbao nazo zina simulizi inayomgusa Mtanzania. Orodha ya taifa ya China ya mbao zinazostahili kuitwa hongmu, yaani mbao nyekundu za thamani, iliyotolewa mwaka 2000 na kurekebishwa 2017, inautaja mpingo. Ndiyo, mpingo huu huu wa Lindi na Mtwara. Kwa hiyo "kabati la kale" jeusi linalong'aa linaweza kuwa limechongwa juzi kutokana na mti uliokua kusini mwa Tanzania. Mti huo na jamaa zake wote wa jenasi ya Dalbergia wamo kwenye udhibiti wa biashara ya kimataifa tangu Januari 2017, hivyo vibali huulizwa hata kwa samani.

Kutoka Panjiayuan, safari ya gari kuelekea mashariki huishia Gaobeidian, kijiji kilichomezwa na jiji, chenye mtaa mzima wa samani za kale na karakana nyuma ya maduka. Mbele mteja huona kabati jekundu linalometameta. Nyuma, makabati kama hilo huwa yamepoteza miguu na milango yakisubiri zamu yao.

Mahali hapa ndipo swali la afya linapoingia, na wauzaji wengi hawalitarajii. Rangi za zamani, za China na za kwingineko, ziliweza kuwa na madini ya risasi, na wekundu mwingi wa zamani ulitokana na madini yenye zebaki. Rangi iliyokaa kimya ukutani mwa kabati haimdhuru mtu upesi. Hatari ni pale inapobanduka, inapotafunwa na mtoto anayeota meno, au inapopigwa msasa ikawa vumbi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo ndiye huumia zaidi, kwenye ubongo.

Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa Gaobeidian ni fupi: nani amekarabati, lini, na amepaka nini? Muuzaji anayeonyesha picha za kabati kabla ya ukarabati anastahili bei yake. Anayesema halijawahi kuguswa, huku miguu yake minne ikiwa na rangi moja mpya, aachwe na chai yake. Na mama mjamzito asikae karakanani wakati msasa unapita, hata kama bei inapungua.

Nyumbani, adui ni hewa. Beijing huwasha mfumo wa joto wa majengo kuanzia Novemba 15 hadi Machi 15, na ndani hukauka kiasi kwamba mbao husinyaa. Ganda halisinyai. Ubao ukivuta na ganda likakataa, gundi huachia, na asubuhi mbawa ya ndege inakutwa sakafuni. Dar es Salaam huleta kinyume chake: mbao huvimba, droo hukwama, ukungu huota nyuma. Kabati lisiwekwe mbele ya kiyoyozi wala dirisha la jua, na lisigusane na ukuta wenye unyevu.

Kulisafisha ni kazi ya brashi laini na kavu. Kitambaa chenye nyuzi hunasa kwenye kingo za ganda na kuling'oa. Maji hulainisha gundi ya zamani, ambayo ilichemshwa kutokana na ngozi au samaki. Limau na siki visikaribie kabisa, kwani ganda ni jamii ya chokaa na asidi huila.

Wengi huweka nguo za mtoto ndani yake pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Vikiwa vya naftalini, ni bora visiwemo. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika maeneo ya malaria, wanaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu kwa kuvaa tu nguo zilizohifadhiwa nayo, na mtoto mchanga hupata manjano kali.

Kabati refu lifungwe ukutani kwa mkanda na skrubu, hata kama inauma kutoboa mgongo wake. Droo tatu zikivutwa pamoja na mtoto akapanda juu yake, uzito wote huja mbele. Fundi mzuri atapata ubao wa nyuma uliokwisha kubadilishwa na kutoboa huo.

Na mbawa iliyodondoka isirudishwe kwa gundi ya dakika moja, kwani fundi atakayekuja baadaye hataweza kuitoa bila kuvunja. Iokotwe kabla haijafika mdomoni kwa mtoto, itiwe kwenye bahasha, iandikwe: ndege wa pili, mlango wa kushoto. Bahasha ikae droo ya juu, ile mtoto asiyoifikia.