Bluu ya Kukhu Ilitoka Zambarau

Wacha niwaambie kitu ambacho sijawahi kusema kwenye video zangu. Kazi ya kwanza ya maana niliyopewa baada ya kuacha chuo ilikuwa programu ya mazishi ya nyanya yangu. Na niliiharibu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda watu wa nyumbani. Nikarudi Lumakanda na laptopu na simu, na kwa familia nikawa "yule wa kompyuta". Kukhu alipofariki, kamati ilikaa nje wakagawana kazi. Huyu hema na viti, yule chakula. Kisha Senje akanigeukia: "Mwanangu, wewe tutengenezee programu. Na iwe ya rangi." Pesa ya kuprinti kopi 200 ilitoka kwa mchango. Kuna watu walitoa shilingi 50. Hapo ndipo paliniuma baadaye.

Kukhu alikuwa kwenye kikundi cha akina mama kanisani, na yunifomu yao ni bluu. Aliipiga pasi kila Jumamosi jioni, hata wakati miguu ilikuwa imekataa. Kwa hivyo nilifungua Microsoft Word usiku, nikapaka jalada lote bluu. Kwa skrini ilikuwa inawaka! Nikatuma faili kwa duka moja la kuprinti Eldoret, na Ijumaa nikapanda matatu kupitia Turbo kwenda kuchukua boksi. Sikuifungua mpaka nikiwa njiani kurudi.

Zambarau. Kopi 200 za zambarau. Na uso wa Kukhu umekuwa giza, macho hayaonekani.

Siku ya mazishi, mama mmoja wa kikundi chao alishika ile programu, akaangalia nguo yake, akaiangalia tena. Hakusema kitu. Senje naye akaniambia, "Ni sawa tu, mwanangu." Afadhali angenigombeza.

Kwa muda nililaumu mtu wa duka. Sasa hizi kazi ndizo zinanilisha, na ukweli ni kwamba kosa lilianzia kwangu.

Iko hivi. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu, ndiyo hiyo RGB. Mashine ya kuprinti hutumia wino: samawati, majenta, manjano na nyeusi, ndiyo CMYK. Kuna rangi ambazo mwanga unaweza na wino hauwezi. Bluu kali ya skrini, ile ya 0, 0, 255, ni mojawapo. Ikibadilishwa kuwa wino, majenta huingia nyingi na bluu inageuka zambarau. Na Word hufanya kazi kwa RGB, haina mahali pa kuchagua CMYK. Hata ukitaka, haikuulizi.

Basi siku hizi nafanya hivi. Kwanza, naongea na mtu wa mashine kabla ya kuanza, namuuliza anataka faili ya aina gani. Pili, naepuka rangi zinazowaka. Kwenye Word unaweza kuandika namba za rangi mwenyewe. Nikitaka bluu natumia kitu kama 0, 114, 188. Kwa skrini inaonekana imepoa, lakini kwa karatasi inabaki bluu.

Tatu, picha. Usichukue ile iliyopita kwa magrupu manne ya WhatsApp, imeshabanwa. Omba mwenye picha akutumie kama dokumenti. Word nayo hubana picha unapohifadhi, kwa hivyo ingia kwenye mipangilio uizime. Lenga pikseli 300 kwa inchi, kwa ukubwa itakaotokea kwenye karatasi. Na ngozi zetu ziongezee mwanga kidogo, kwa sababu karatasi haina taa nyuma yake kama simu.

Nne, hifadhi kama PDF, fonti zikiwa ndani, ndio maandishi yasihame kwenye kompyuta ya mwingine. Mwambie mwenye mashine maandishi meusi yachapwe kwa wino mweusi pekee. Yakichanganywa wino zote nne, herufi ndogo zinaweza kuwa na kivuli. Na kama rangi lazima iwe ileile kabisa, hamia Scribus. Ni ya bure na inajua CMYK.

Mwisho, na hii ndiyo ingeniokoa: printi kopi moja kwanza, kwa mashine ileile na karatasi ileile. Itoe nje uiangalie juani. Kopi moja ni bei ya soda. Kopi 200 ni jasho la watu.

Watu hudhani niliharibu kwa sababu sikumaliza chuo. Hapana. Niliharibu kwa sababu nilikuwa nimeitwa "yule wa kompyuta" na nikaona aibu kumuuliza mtu wa duka swali. Hiyo aibu ndiyo ghali.

Mwaka jana nilimprintia Senje kopi moja upya, bluu yenyewe. Aliishika, akaifurahia, lakini ile ya zambarau ikabaki ndani ya Biblia yake. Alikuwa ameandika nyuma majina ya waliokuja kutoka mbali.

Kama uko na programu ya Jumamosi, niandikie leo. Si Ijumaa usiku, tafadhali.