Waliosimama Nyuma ya Pazia



Mwanzoni mwa Julai, shule za sekondari za nchi yetu hukusanya wazazi na wanafunzi kwa ajili ya proklamasiyo. Majina husomwa, asilimia hutangazwa, na waliotangulia huitwa mbele kupokea zawadi. Katika shule yetu ya Lubumbashi, mwaka tunaousimulia hapa, kikundi cha michezo ya kuigiza nacho kiliwekewa tuzo kwa mara ya kwanza: ya mwigizaji bora wa kiume, ya mwigizaji bora wa kike na ya tamthilia bora. Tulikuwa watu 24, na tuzo zilikuwa 3. Tungependa kutafakari pamoja nanyi juu ya hesabu hiyo.

Tulianza kabla ya Noeli kwa L'Avare, tamthilia ya Molière ya mwaka 1668, tukaicheza kwa Kifaransa. Harpagon, mzee bahili, amefukia sanduku la fedha bustanini, na fedha hizo anazipenda kuliko watoto wake. Watazamaji walicheka mapema kuliko tulivyotazamia, kwani hakuna mtaa usio na Harpagon wake. Mvua ilipoanza kupiga mabati, sauti zetu zilimezwa, na waliokaa nyuma walisikia nusu tu. Tangu siku hiyo mazoezi yetu yalianza kwa pumzi na sauti, ndipo maneno yakafuata.

Muhula wa pili tulichagua Trois prétendants… un mari, ya Guillaume Oyônô-Mbia wa Kamerun, iliyochapishwa mwaka 1964. Juliette, msichana aliyesoma, anarudi kijijini na kukuta jamaa zake wamekwisha pokea mahari ya mwanamume mmoja, kisha ya mwingine atoaye zaidi, wala hakuna aliyemwuliza neno. Kwa jamaa hao, masomo ya msichana ni mtaji, na sasa faida yake inangojewa.

Majuma mawili kabla ya onyesho, dada aliyeigiza Juliette alirudishwa nyumbani kwa sababu minervali haikulipwa. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari imebaki mzigo wa wazazi, na anayejua hesabu ya nyumba yenye watoto sita ataelewa. Hivyo msichana aliyekuwa akijifunza kusema jukwaani kwamba mtu hauzwi, alizuiwa langoni kwa ajili ya fedha.

Wengine kati yetu walitaka kuahirisha; wengine walisema siku imekwisha tangazwa. Jibu lilitoka kwa mwenzetu aliyekuwa akishika kitabu nyuma ya pazia ili kuwakumbusha waigizaji maneno. Maneno yote aliyajua, lakini hakujua pa kusimama wala pa kunyamaza. Kila jioni alikwenda nyumbani kwa Juliette wa kwanza, na huko uani, kando ya mbabula na mabeseni, aliyepoteza nafasi alimfundisha aliyeipokea: hapa geuka polepole, hapa usimtazame babu, hapa ngoja wacheke kwanza. Hakuna aliyemlazimisha. Onyesho lilifanikiwa, naye hakuliona, kwa kuwa alikuwa bado haruhusiwi kuingia shuleni. Alirudi mwezi mmoja baadaye, shangazi yake alipolipa sehemu ya deni.

Mchezo wa tatu tuliutunga wenyewe kwa Kiswahili cha Lubumbashi: baba mmoja auza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Mji wetu una urithi katika jambo hili. Kundi la Mufwankolo lilichekesha na kuonya watu kwa miaka mingi kwa Kiswahili chao, likijenga michezo yake kwa mazungumzo na majaribio badala ya kufuata kitabu kilichoandikwa. Mama zetu, waliokaa kimya mbele ya Molière, safari hii waliwajibu waigizaji kwa sauti.

Kisha ikaja Julai. Waamuzi walihukumu walichokiona, na walichokiona ni Juliette wa pili. Alistahili, hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Alipokea cheti. Juliette wa kwanza alipiga makofi pamoja nasi, kisha akatoka nje kabla ya hotuba kwisha.

Desturi ya kuweka tamthilia na tuzo katika shule moja ni ya kale. Kanuni za masomo za Wajezuiti za mwaka 1599 zilitaja yote mawili: tamthilia zichezwe kwa Kilatini na bila mhusika wa kike, na washindi wa insha watangazwe hadharani. Nasi hatusemi kwamba tuzo ni mbaya. Humtia kijana moyo wa kurudia sentensi moja mara 50, na humfariji mzazi aliyelipa kwa jasho. Lakini hupima kile kionekanacho kwenye mwanga tu. Mafunzo ya uani hayakuwa na mwamuzi, ingawa bila hayo kusingekuwa na cha kuhukumu.

Mwaka uliofuata tulipeleka kwa prefe maombi mawili. La kwanza: siku ya proklamasiyo yasomwe majina ya kikundi chote, kila mtu na kazi yake, kuanzia mshonaji wa mavazi hadi mvuta pazia. Lilikubaliwa mara moja. La pili: sehemu ya kiingilio cha michezo isaidie minervali ya waigizaji waliokwama. Hilo lilichukua miezi, nalo likakubaliwa. Kiasi ni kidogo. Muhula wa kwanza hakikutosha hata wanafunzi wawili. Hata hivyo, wa kwanza kusaidiwa alibaki darasani.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Katika kwaya, mchezo au sherehe yetu ya mwisho, ni nani aliyefanya kazi ambayo hakuna aliyeiona? Je, jina lake tunalijua?

2. Mwenzetu anapokosa kuja, tunajua sababu, au tunatafuta tu wa kujaza nafasi yake?

3. Je, tungeweza kumfundisha kwa moyo mtu atakayepigiwa makofi mahali petu?